Hotipoti ya Bi Kuluthumu

Mama Alen haketi. Mkaribishe kiti, atakushukuru, ataegemea mgongo wa kiti kwa mkono mmoja kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake, halafu atakwambia, "Napita tu." Lushoto nzima inamjua kwa neno hilo. Sokoni anapita tu, nje ya kanisa baada ya ibada anapita tu, hata msibani, mahali ambapo watu hukaa mkekani mpaka miguu ikafa ganzi, yeye ataosha masufuria, atachota maji, atambeba mtoto wa mtu mgongoni, lakini kukaa? Thubutu! Mumewe, Anord, husema siku atakapomwona mkewe ameketi mpaka chai ikaisha kikombeni, atakimbia kumwita daktari.

Jina lake la ubatizo ni Modesta. Kwao ni Mtae, ila ameolewa Lushoto mjini, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kufua mashuka hospitalini. Huko ndiko miguu yake ilikopatia moto. Kila alipotoka kwenda kuanika aliwakuta wanawake wenye mimba kubwa wamelala varandani juu ya kanga, wametoka vijiji vya mbali milimani, wamekuja mapema kwa kuiogopa barabara, na siku zao bado. Hawana ndugu mjini, hawana pa kulala. Wengine walichoka na baridi wakarudi kwao, na uchungu ukawashikia huko huko.

Mmoja wa hao waliorudi alikuwa Vumilia, binti wa marehemu dada yake. Modesta hakuwa na habari kwamba binti yupo mjini. Kumbe mtoto wa watu aliona haya kumsumbua mama yake mdogo mwenye chumba kimoja na watoto wanne. Alirudi Mtae. Masika yakashuka, uchungu ukaanza, wakampandisha kwenye lori la kabichi, na lori likazama kwenye tope kabla ya kufika Lukozi. Mtoto alizaliwa humo humo, katikati ya matenga, na hakulia. Modesta alipopata habari alikuwa ameshika shuka lenye maji. Alilikamua shuka lile mpaka wenzake wakamnyang'anya mkononi. Kuanzia siku hiyo alikuwa na neno moja tu: nyumba. Nyumba karibu na hospitali, ya kuwasubirishia wazazi.

Sasa nyumba haijengwi kwa maneno. Wanawake wenzake wa kikundi walikuwa na majembe, walikuwa na sauti nzuri za kuimba, hela hawakuwa nazo. Lakini walikuwa na Modesta, na Modesta alikuwa na miguu. Alianza kupita. Alipita kwa mwenye mashine ya kusaga akamuuliza habari za ng'ombe aliyekuwa na homa. Alipita kwa mwalimu mstaafu akamsomea ujumbe wa simu uliotoka kwa mwanawe, maana macho ya mzee yalishaaga. Alipita kwa kila mtu, na kwa wiki nyingi hakuomba hata msumari. Watu wenyewe ndio waliokuja kumuuliza, "Mama Alen, ile nyumba yenu imefikia wapi?" Hapo ndipo aliposema imefikia hapa, tumekwama kwa kitu fulani. Huyu akaleta mawe, yule akatoa mti wake wa mkaratusi ukaangushwa, wa tatu hana kitu akaja kuchanganya udongo.

Siku moja wenzake wa kikundi walimpeleka semina Tanga. Akaja binti mmoja nadhifu, amevaa miwani, akawafundisha kutwa nzima kwamba mfadhili si mfuko wa fedha, mfadhili ni mtu, ajengewe uhusiano, apewe habari, ashukuriwe. Modesta alisikiliza amesimama mlangoni. Aliporudi akamwambia mumewe, "Baba Alen, dunia hii! Kumbe kusalimia watu nako kuna semina!" Wakacheka wote wawili. Angejua, asingecheka hivyo.

Aliyetoa mabati alikuwa mzee Darweshi. Huyu ni mtu wa Tanga aliyepanda milimani ujanani kuuza misumari na saruji, akanogewa na baridi, hakushuka tena. Nyumba yake iko hapo hapo chini ya lango la hospitali, duka mbele, ua nyuma. Modesta alikuwa akipita kwake karibu kila siku anapotoka kazini. Mzee humtania, "Mama Alen, kiti changu kina miiba?" na yeye hujibu, "Napita tu, mzee," huku akinywa chai nusu kikombe, amesimama. Mkewe, Bi Kuluthumu, humwekea chai hiyo kila siku na kila siku humwaga nusu iliyobaki, bila kununa. Mpaka siku mzee alipomwita, akamwonyesha mabati yamepangwa ukutani, mapya, yanang'aa. "Haya ya nyumba yako," akasema. "Sikuombwa na mtu."

Siku ya kuezeka, Bi Kuluthumu alipeleka pilau kwa mafundi, limejaa kwenye hotipoti yake nyekundu yenye maua. Walikula, wakaramba vidole, hotipoti ikabaki kwa Modesta aioshe, airudishe. Na ikumbukwe jambo moja: chombo cha watu hakirudi kitupu. Kimekuja na pilau, kitarudi na maharage, au mapichesi, hata majani ya chai, ili mradi kisipige kelele ya utupu mkononi mwa mwenyewe. Modesta akasema ataipeleka akipata kitu cha maana cha kuweka.

Lakini haraka zake, jamani, haraka zake! Fundi Silvano alimwambia wazi, "Mama, mbao hizi mbichi. Tuziache zikauke kwanza. Mbao mbichi ikisinyaa inauachia msumari." Modesta akamjibu kwamba wenye mimba hawasubiri mbao zikauke. Silvano akapigilia shingo upande. Nyumba ikang'aa, kikundi kikaimba, wazazi wa kwanza wakaingia, na kwa muda kila kitu kilikuwa shwari. Mwezi wa nane, upepo wa mchana kweupe ukapita mabondeni, ukaingia chini ya paa, ukalinyanyua. Bati moja likatua kwenye shamba la viazi la jirani, mengine yakajikunja kama karatasi ya vitumbua. Hakuumia mtu, wazazi walikuwa nje wanaota jua. Modesta alisimama katikati ya nyumba akatazama juu, akaona mawingu.

Mtu mwingine angekwenda siku ile ile kwa mzee Darweshi, akamwambia, "Mzee, mabati yako yameondoka na upepo, na kosa ni langu." Maneno yenyewe hayajazi kiganja! Modesta hakwenda. Aliona soni. Alisema moyoni, nitakwenda kesho, nikishaokota yaliyo mazima. Kesho akasema nitakwenda nikishapata mbao. Wiki ikapita, mwezi ukapita, na soni haipungui kwa kuwekwa, inavimba. Ile hotipoti iliyokuwa rafuni kwake ikageuka kuwa jicho. Aweke nini humo? Maharage? Mtu kakupa paa zima la nyumba, umelipeperusha, unamrudishia maharage? Airudishe tupu ndiyo kabisa! Basi ikakaa. Na yeye, aliyekuwa akipita mbele ya duka la mzee kila siku, akaanza kuzunguka njia ya nyuma, kupitia mtoni, kwenye utelezi, ilimradi asionekane.

Vuli ikaja, ikaondoka. Mwanzoni mwa mwaka simu ikaita. Ni Vumilia, kutoka Mtae.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama mdogo, niko hivyo tena. Mtu wa kliniki ananihesabia katikati ya masika."

Modesta alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama.

"Nimesikia mlijenga nyumba," Vumilia akaendelea, sauti ndogo, kama mtoto anayeuliza kama chakula kimebaki. "Nije?"

"Uje," Modesta akasema. "Uje mwanangu, nyumba ipo." Akakata simu, na hapo hapo akaanza kutembea jikoni huku na huku, viazi vimemwagika, maana nyumba ipo kweli, ila haina paa.

Kuanzia hapo hakulala vizuri wala hakula vizuri. Roho ilikuwa juu juu. Asubuhi anaangalia mawingu upande wa Magamba, jioni anayaangalia tena. Kwa nini asimlaze kwake? Angemlaza, hata chini ya meza angemlaza. Lakini Vumilia alikuwa amewaambia wenzake wawili wa kijiji kwamba nyumba ipo, nao wanakuja naye. Modesta akaingia njiani kama zamani, akapita kwa watu wote. Cha ajabu, safari hii milango ilifunguka na mikono haikufunguka. Mwenye mashine alimkaribisha vizuri sana, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mzee Darweshi anasemaje?"

"Sijaonana naye siku nyingi."

"Ahaa." Akafuta unga mikononi. "Basi ukishaonana naye tutazungumza. Mimi siwezi kumruka mzee. Paa lilikuwa lake."

Mwalimu mstaafu alimwambia vile vile. Mama mmoja muuza mitumba, aliyeahidi kuwachangisha wenzake wa sokoni, alimshika mkono akamvuta pembeni. "Dada, kwani mmekosana? Watu wanasema mmekosana. Mimi sitaki kuingia katikati." Modesta akasema hawajakosana hata kidogo. Yule mama akamtazama kwa huruma, na Modesta akajua hakuaminiwa. Kila alikokwenda swali lilikuwa hilo hilo, limemtangulia na kumsubiri mlangoni: mzee anasemaje? Akawa anarudi nyumbani jioni amechoka, miguu ina matope ya njia ya mtoni, mkononi hana kitu.

Siku Vumilia alipopiga simu kusema wanaanza safari keshokutwa, Modesta aliingia jikoni akaanza kupanga upya vyombo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Anord alikuwa anakula ugali. Anord si mtu wa maneno mengi. Akisema, amekuwa akiyatafuna kwa miezi.

"Mama Alen. Rudisha chombo cha watu."

"Nitaweka nini ndani?"

"Mimi sijui. Lakini kile chombo kinanitazama nikila. Nimechoka kutazamwa."

"Wewe huelewi..."

"Naelewa sana. Unapita kwa watu wote wa Lushoto, unaruka nyumba moja. Sasa mwanao anakuja anyeshewe kwa sababu ya sufuria." Akanawa mikono, akatoka nje.

Maneno yale yalimchoma. Alilia hapo hapo jikoni, analia anafuta meza. Kisha akaichukua hotipoti, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akatoka nayo tupu kama ilivyo, kwa njia ya mbele, watu wote wanamwona.

"Hodi!"

Mzee Darweshi alikuwa kwenye kiti chake mlangoni mwa duka. Hakusema karibu upesi. Aliitazama hotipoti, akamtazama mwenye kuibeba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo njia ya mtoni imefungwa?"

Modesta akatamani ardhi impokee. Kumbe anajua! "Mzee, nimekuja kukwambia..."

"Subiri. Kuluthumu!" akaita. "Njoo, kuna mgeni. Lete na chai, kikombe kizima."

Bi Kuluthumu akatoka, akamkumbatia, akapokea hotipoti. Akafungua kifuniko, akachungulia. "Eh! Tupu?" akasema, macho yamemtoka. "Mama Alen, tangu lini?"

"Sina kitu cha kuweka kinacholingana, mama," Modesta akasema. "Paa la mzee liling'oka. Silvano alinikataza nisiezeke kwenye mbao mbichi, nikamkimbiza mimi mwenyewe. Mimi ndiye niliyeharibu. Nimekaa miezi yote hii natafuta kitu cha kuweka humo ndani nisikione."

"Na nani alikuomba kilingane?" Bi Kuluthumu akauliza, na ulikuwa ni mshangao mtupu.

Mzee akaegemea kiti. Hakuwa anatania sasa. "Mama Alen, habari ya paa niliipata siku ile ile. Bati likirukia shamba la mtu Lushoto hii, mimi muuza mabati nisijue? Nikamwambia huyu, mama Alen atakuja leo. Akaweka chai. Hukuja. Akaweka na kesho yake. Mimi upepo siugombezi, mbao mbichi naziuza mwenyewe, nazijua. Lakini umepita kwangu miaka, unanisalimia, unaniuliza mgongo, nikasema huyu ndiye mtu anayenijua katika mji huu. Mabati yalipoondoka na wewe ukaondoka. Nikasema, kumbe siku zote hakuwa ananisalimia mimi. Alikuwa anayasalimia mabati."

Modesta alijua si kweli, na alijua pia kwamba mtu yeyote mwenye akili angefikiri hivyo. Akakaa. Akakaa kwenye kile kiti cha siku zote, na wala hakukumbuka kusema anapita tu.

"Nisamehe, mzee," akasema. "Nilikuwa nakusalimia wewe. Nilijionea soni mimi, ndiyo nikakimbia."

"Kunywa chai," mzee akasema.

Akanywa. Gari la viazi likapita, mteja akaja kununua bawaba, akahudumiwa, akaondoka. Chai ikaisha mpaka makapi ya tangawizi yakaonekana chini ya kikombe. Hapo ndipo mzee alipouliza, "Na sasa kuna nini? Maana uso huo si wa paa la mwaka jana."

Akamweleza. Lori la kabichi alilieleza, na mtoto ambaye hakulia, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mzee hata siku moja katika kupita kwake kote. Akaeleza kwamba Vumilia na wenzake wanatoka Mtae keshokutwa, na mawingu yale pale.

"Mabati sina," mzee akasema. "Yaliyopo yana wenyewe, mpaka mwezi ujao."

"Sikuja kuomba mabati, mzee."

"Najua, ndiyo maana nakwambia." Akamgeukia mkewe. Bi Kuluthumu alikuwa ameshasimama, funguo ziko mkononi. Akatangulia uani, akafungua mlango, akafungua na wa pili. Vyumba viwili, vitanda, magodoro yamefunikwa kwa mashuka ya maua, harufu ya dawa ya nondo.

"Vya watoto," Bi Kuluthumu akasema. "Wako Tanga na Dar, hawaji. Tumebaki wawili kwenye nyumba hii kama walinzi. Ukuta huu hapa," akaupiga kwa kiganja, "nyuma yake ni hospitali. Kwa nini hukuniuliza, mama Alen? Miaka yote unakunywa chai hapo mlangoni umesimama. Hukuingia hata mara moja ukaona."

Modesta alishika fremu ya mlango. Miguu yote ile, milango yote ile, na vitanda vilikuwa hapa, vimetandikwa.

Vumilia alifika na wenzake, tumbo mbele, viatu mkononi. Alimwamkia mzee kwa kupiga goti, na mzee akaanza kumfundisha kucheza bao siku hiyo hiyo. Watu walipoona wazazi wanaota jua uani kwa Darweshi, hawakuuliza tena mzee anasemaje. Mwenye mashine akaleta unga. Silvano akaanika mbao, safari hii akapewa muda wake wote, na hakuna aliyemkimbiza. Mvua zikashuka, zikaifunga barabara ya Mtae, na asubuhi moja, katikati ya mvua hizo, Vumilia akatembezwa kwa mkono kupitia mlango wa nyuma mpaka wodini, Bi Kuluthumu ameshika mwavuli, Modesta ameshika begi.

Alijifungua kabla ya adhuhuri. Mtoto wa kike. Alilia kwa hasira kubwa, kama aliyekasirishwa na watu wote waliomo humo ndani, na Modesta, aliyekuwa nje ya wodi akitembea huku na huku, aliposikia sauti ile aliacha kutembea.

Kisha akakimbia. Hakumpigia Anord simu, hakupita kwa wanakikundi. Alishuka moja kwa moja dukani, kanga imelowa, pumzi hana. Mzee Darweshi alikuwa kwenye kiti chake. Bi Kuluthumu alikuwa amemtangulia kurudi kuchukua uji. Alikuwa nyuma ya mzee anaujaza kwenye hotipoti nyekundu, machozi yanamtoka, tabasamu hajalificha. Ilikuwa wazi kwamba mzee ameshaambiwa kila kitu.

Lakini aliinua uso, makini kabisa, kama mtu ambaye hajasikia lolote tangu alfajiri.

"Karibu, mama Alen. Kuna habari gani?"

Modesta akavuta kiti. Akakaa.

"Nieleze," mzee akasema. "Anzia mwanzo."